Tawi Lishike Fremu, Lisishike Wavu

    

Leo nina jambo ambalo baadhi yenu litawachekesha. Chekeni tu, ila msizime redio. Tunazungumzia matawi. Si matawi ya chama, wala matawi ya benki. Matawi ya miti, tena yale yanayowekwa ndani ya nyumba ya kinyonga.

Swali limetoka Iyunga, hapa Mbeya mjini. Mzee mmoja, fundi seremala, ana kijana wake anayesoma Marekani. Kijana huyo amenunua kinyonga. Mzee anasema alipoambiwa hivyo kwenye simu alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama huko hakuna mbuzi. Basi, kinyonga huyo anakaa kwenye sanduku refu lenye kuta za wavu, na ndani yake kijana ameweka matawi apande na kushuka. Tatizo ni kwamba matawi hayakai. Asubuhi anakuta moja limelala chini, kinyonga ameng'ang'ania wavu pembeni, macho yanazunguka. Baba mtu anauliza: matawi hayo yafungwe vipi?

Nimelipenda swali hili, maana sehemu kubwa ya jibu tayari iko kwenye karakana ya mzee mwenyewe. Nitalieleza polepole. Na kama huna kinyonga wala huna mpango naye, kaa nasi, kwa sababu tutapita pia kwenye mipera ya uani kwako.

Lakini subirini. Najua kuna kijana mahali fulani, pengine Mbalizi, pengine Mwanjelwa, ameshasimama anatafuta msumeno. Kaa kwanza, mwanangu. Hapa kwetu kinyonga ni mnyamapori. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, ile Na. 5 ya mwaka 2009, haikuruhusu kumtoa porini ukamfuga nyumbani bila kibali. Haijalishi kwamba umemkuta kwenye ua wako mwenyewe. Ukitaka kufuga, nenda ofisi ya wanyamapori au TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, uliza masharti, pata kibali, ndipo tuzungumze mbao. Na kumpeleka nje ya nchi ndiyo usifikirie kabisa. Zamani vinyonga walitoka Tanzania kwa maelfu, wakiuzwa kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani, mpaka mwaka 2016 serikali ilipofunga biashara ya kusafirisha wanyamapori hai.

Na huyo wa kijana wetu je? Huyo si wa kwetu. Ni kinyonga wa Yemeni, mwenye kishungi kirefu kichwani, na wanaouzwa madukani huko kwa kawaida wamezaliwa mikononi mwa wafugaji. Kwa hiyo hatujavunja sheria ya mtu. Tuendelee.

Tumtazame mwenye nyumba kabla ya kutazama nyumba. Umewahi kuangalia mguu wa kinyonga kwa karibu? Wengi hatujawahi, kwa sababu tunamwogopa bure. Kinyonga hana sumu. Wako waliokua wakiambiwa ukimgusa utapata mkosi, na wako watoto wanaomtia ugoro mdomoni ili wamwone anavyobadilika. Hilo la ugoro niseme wazi: ni ukatili, na linamuua. Wazazi, kemeeni.

Basi mguu wake. Una vidole vitano, vimegawanyika makundi mawili yanayotazamana. Miguu ya mbele, vitatu viko upande wa ndani na viwili nje. Miguu ya nyuma ni kinyume, viwili ndani na vitatu nje. Mguu wa namna hiyo haukuumbwa kukanyaga sakafu. Umeumbwa kubana kijiti. Mweke kinyonga kwenye saruji umwone anavyohangaika. Kisha mweke kwenye kijiti cha mpera, unene wa kidole chako, utaona miguu minne imebana na mkia umejizungusha. Tena mkia huo ukikatika hauoti mwingine, si kama wa mjusi.

Maana yake nini kwetu? Maana yake tawi si pambo la ndani ya sanduku. Kwake tawi ndiyo ardhi. Wewe ungejisikiaje kama sakafu ya chumba chako ingegeuka ghafla usiku ukiwa unaelekea kitandani? Kijana anasema kinyonga amekuwa mkali, ana rangi nyeusi nyeusi, hali vizuri. Huenda kuna sababu nyingine, na daktari wa mifugo amtazame. Lakini mimi ningeanza na hayo matawi.

Haya, kwa nini yanaanguka? Nilimuuliza mzee kijana ameyafunga wapi. Akasema, "Kayafunga kwenye wavu." Hapo hapo nikajua. Wavu ule ni wa jamii ile ile ya wavu wa mbu tunaoweka madirishani, wa alumini au wa nyuzi za plastiki. Kazi yake ni kupitisha hewa na kuzuia kutoka. Haukutengenezwa kubeba mzigo. Ukiutoboa na kupitisha waya, tundu linapanuka. Ukibana tawi juu yake, unalegea na kutengeneza tumbo. Ule wa plastiki una ubaya mwingine: nyenje anaolishwa kinyonga hutafuna nyuzi zake, na tundu lililoanza dogo huwa mlango.

Kwa hiyo kauli ya leo, na nitairudia mpaka mnichoke, ni hii: tawi lishike fremu, lisishike wavu. Fremu ndiyo ile miimo ya pembeni na mikingamo yake, ya mbao au ya alumini. Hiyo ndiyo yenye nguvu.

Mtu atasema, lakini kinyonga ni mwepesi! Kweli. Dume kubwa la Yemeni, nusu mita hivi pamoja na mkia, kwa kawaida halifiki robo kilo. Lakini mzigo wenyewe si kinyonga, ndugu zangu. Mzigo ni tawi. Tawi la mti mgumu lenye urefu wa futi 3 lina uzito wake, na mfugaji analinyunyizia maji kila siku, kwa sababu kinyonga hanywi kwenye bakuli. Anakunywa matone yaliyoganda kwenye majani. Mti unaloa, unazidi uzito, unakauka, unaloa tena. Halafu kama limefungwa upande mmoja tu, ule mwisho unaoning'inia unavuta kifungo usiku kucha. Kinyonga akifika pale nchani, yeye ni kisingizio tu.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau, na mafundi watanielewa. Tawi ni la mviringo. Hata lisipoanguka, linaweza kuviringika. Kinyonga akikanyaga kitagaa kilichotokeza pembeni, tawi zima linageuka, naye anajikuta chini juu. Kwa hiyo unapofunga tawi unapigana na mambo mawili: lisishuke, na lisizunguke.

Sasa tuingie karakanani.

Njia ninayoipenda mimi kuliko zote ni ya reli. Sanduku la kijana, nimeambiwa, ni la futi 2 kwa 2 na urefu wa futi 4, kipimo cha kawaida kwa kinyonga mkubwa wa aina hiyo. Achukue vipande vya mbao nyembamba, upana wa inchi moja unatosha, urefu sawa na kina cha sanduku. Kipande kimoja akikaze kwa ndani, upande wa kushoto, kikilala kutoka mwimo wa mbele hadi mwimo wa nyuma. Kingine upande wa kulia, usawa huo huo. Skrubu ziingie kwenye miimo, zisiguse wavu. Kama fremu ni ya alumini, atoboe kwanza kwa keekee yenye ncha ndogo, kisha atumie skrubu fupi za bati. Sasa ana reli mbili zinazotazamana. Tawi linalala juu yake, mwisho huu kwenye reli hii na mwisho ule kwenye reli ile, kama fito za kichanja cha kuanikia vyombo. Mmeona? Wavu haubebi hata gramu moja.

Lakini tumesema linaweza kuviringika. Fanya hivi: pale tawi linapokaa juu ya reli, chonga pengo dogo upande wake wa chini, upana sawa na unene wa reli. Likae limekalia. Halafu lifunge kwa ile mikanda ya plastiki ambayo mafundi umeme hubania nyaya, miwili kila mwisho, ikipishana msalaba. Mmoja peke yake utazuia tawi kushuka, lakini hautazuia kuzunguka. Miwili iliyopishana inazuia yote. Ukimaliza, kata mkia wa mkanda karibu kabisa na kifundo, uguse kwa kidole. Ukikukwaruza wewe, utamchana kinyonga mguu, au ulimi, maana ulimi wake huruka mbali kuliko urefu wa mwili wake. Kifundo kigeuzie upande wa nje.

Reli ziwe ngapi? Jozi tatu au nne kwa urefu tofauti. Ukiwa nazo unaweza kubadilisha mpangilio bila kutoboa tena. Na ukitaka kusafisha unakata mikanda, unatoa tawi, unaosha, unarudisha. Mikanda ni rahisi. Fremu iliyotobolewa mara ishirini ndiyo hasara.

Njia nyingine ni kukaza tawi moja kwa moja kwenye mwimo. Toboa mwimo kutoka nje, weka washa pana, pitisha skrubu mpaka iingie kwenye mwisho wa tawi. Hapa mzee wa Iyunga najua anatikisa kichwa, naye ana haki. Skrubu inayoingia kwenye kichwa cha mti, ikifuata nyuzi, inashika kidogo kuliko inayoingia ubavuni. Kwa hiyo skrubu iwe ndefu, na tundu lake litobolewe kwanza, la sivyo tawi litapasuka. Na tawi lenyewe lisiwe jembamba kuliko dole gumba. Njia hii ni nzuri kwa yale matawi mawili au matatu makubwa ambayo hutayahamisha.

Na kama kijana amepanga, fremu si yake, hawezi kutoboa chochote? Hapo tawi lisimame lenyewe. Atafute tawi lenye panda nyingi, kama mti mdogo, alisimamishe ndani ya chungu kizito au ndoo, ajaze mawe, au amwage zege chini na kuliacha likauke kabisa kabla ya kumrudisha kinyonga. Juu ya zege aweke udongo na mmea. Shina hilo sasa ndiyo nguzo, na vijiti vingine vinafungwa kwake. Uzuri wa njia hii ni kwamba unaubeba mti wote nje siku ya usafi. Ubaya wake, chungu chepesi kitapinduka. Jaribu kwa mkono kabla hujakiamini.

Vipi kuhusu wavu, haubebi kitu kabisa? Nilegeze kidogo. Vijiti vyembamba vya majani unaweza kuvishika kwenye wavu, kwa sharti moja: wavu ukae katikati ya vipande viwili vidogo vya plastiki au ubao, kimoja ndani kimoja nje, ili mvuto usambae. Ni vijiti vyembamba tu, vya majani. Narudia tena: tawi la kukanyagwa lishike fremu.

Gundi sipendi. Ile ya moto inaachia ikiloa, na nyingine zina harufu kali. Waya wa kufungia nondo unashika vizuri sana, tatizo ni ncha zake na kutu. Kamba ya katani inapendeza machoni, inafanana na msitu, lakini kwenye maji ya kila siku inaoza, na nyuzi zake zikichomoka hunasa kucha. Kuna watu wataniandikia kwamba wameitumia miaka mingi. Sawa, andikeni.

Tumefunga. Lakini tumefunga tawi gani? Hapa mzee aliniuliza swali zuri kweli: je, anaweza kukata mpera wa nyumbani Iyunga, aukaushe, amtumie kijana kwenye mzigo? Mpera ni mti mzuri sana kwa kazi hii, mgumu, gome lake halitoki vipande vipande ovyo, vitagaa vyake vimepinda vizuri. Lakini baba, usitume. Kuni zisizo na cheti cha afya ya mimea hazivuki mpaka wa nchi ile, kwa hofu ya wadudu. Zitachomwa uwanja wa ndege. Huko kuna mwaloni, kuna mtofaa. Akate hapo hapo alipo, mahali pasipopuliziwa dawa.

Na hili la dawa ni kubwa hata kwetu, kwa wale wenye vibali, na kwa shule zitakazotaka kufuga kihalali. Sisi ni watu wa viazi, kahawa na nyanya, na tunapuliza. Tawi lililokatwa ukingoni mwa shamba la viazi ambalo limepulizwa juzi, usilitumie. Liogope pia tawi la mnyaa. Ule utomvu mweupe unaunguza macho, na nyua nyingi za Mbeya ni za mnyaa. Msindano una ulimbo unaonata miguuni. Mkaratusi una mafuta makali. Mparachichi uache pia, majani yake yana sumu kwa wanyama wengi wanaofugwa.

Ukishapata tawi, lisugue kwa brashi na maji ya moto bila sabuni, toa gome lililolegea, kagua uone kama kuna mchwa au sisimizi wamejificha, kisha lianike juani mpaka likauke. Usipake vanishi, usipake rangi. Kinyonga haoni raha kwenye fanicha inayong'aa.

Kwa nini nasisitiza likauke? Kwa sababu mti mbichi unasinyaa. Unaukaza leo, mwezi ujao umepungua unene, mikanda imelegea, skrubu inacheza. Mafundi wa Iyunga wanalijua hili kwenye milango: masika mlango unagoma kufunguka, kiangazi unapitisha upepo wa Juni, na upepo wa Juni wa Mbeya mnaujua. Ndani ya sanduku la kinyonga masika na kiangazi ni kila siku, asubuhi maji, mchana taa ya joto. Kwa hiyo hata tawi kavu litacheza. Kazeni upya.

Sasa mpangilio. Hapa ndipo ninapowaomba mtoke nje, mtafute mwalimu. Mwalimu yuko kwenye mpera wa uani, au kwenye ua wa jirani. Tuna bahati huku Nyanda za Juu. Kwenye misitu ya Poroto, pande za ziwa Ngozi, yuko kinyonga wa pembe tatu ambaye wataalamu walimpa jina la Fülleborn, daktari Mjerumani, tangu mwaka 1900. Jike lake halitagi mayai ardhini. Linazaa watoto hai, jambo la busara kwenye nchi ya baridi. Yupo pia yule wa kawaida mwenye ngozi iliyotokeza kama masikio makubwa, ambaye yeye hushuka chini, huchimba na kutaga.

Mwangalie bila kumgusa. Utaona nini? Mchana hapendi tawi moja. Asubuhi anatafuta kijiti cha kulala usawa, chenye jua, anageuza ubavu apate joto. Jua likikaza anarudi ndani ya majani. Jioni anaenda nchani, kwenye kitagaa chembamba kabisa, na hapo ndipo analala. Mbona nchani, mahali dhaifu? Wengi wanaowachunguza wanaeleza kwamba nyoka akija kwenye kitagaa chembamba, kitatikisika, na kinyonga atajua. Anadondoka chini kwenye majani, amepona.

Basi ndani ya sanduku panahitajika vitu hivyo vyote. Tawi moja la usawa chini ya taa ya joto, na hilo ndilo likazwe kuliko mengine yote. Umbali wake na taa kijana apime kwa kuweka kipimajoto pale pale kinyonga atakapokaa, mgongo wake usije ukaungua. Matawi yenye unene tofauti, mengine kama dole gumba, mengine kama penseli, ili miguu isichoke kubana kipimo kimoja. Vitagaa vyembamba pembezoni, vya kulalia. Hivi vyembamba viachwe vitikisike. Ndiyo, umenisikia sawa. Shina likazwe kabisa, lakini ncha icheze, kwa sababu mtikisiko wa ncha ndiyo taarifa yake. Mfugaji anayekaza kila kitu mpaka kijiti cha mwisho amemnyima mnyama habari.

Na kuwe na njia. Kutoka chini hadi juu kinyonga apite juu ya mti tu, bila kulazimika kupanda wavu. Wavu hunasa kucha. Akivuta, ukucha unabaki, na kidonda cha ukucha kwenye sanduku lenye unyevu ni shida ndefu. Ukimwona kinyonga wako kila saa yuko kwenye wavu, kwenye kona ya juu, usiseme ni mtundu. Jiulize: nimemwachia njia? Nimemwekea mahali pa juu pa kukaa? Kama ni jike, njia ya kushuka ni muhimu zaidi, maana jike la Yemeni hutaga hata bila dume, na lazima lifike chini kwenye udongo.

Kinyonga anayekaa kwenye kona ya juu anatafuta pa kutokea, na mlango ukiachwa wazi atatoka kweli. Hili nalo lina historia, tena imeanzia kwa majirani zetu. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama katika kisiwa cha Oahu, huko Hawaii, aliletewa vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya, wale wanaoitwa wa Jackson. Walifika wamekonda kwa safari. Akawaachia kwenye bustani yake wapate nguvu. Wakapata nguvu, wakaondoka. Leo wajukuu wao wako porini kwenye visiwa kadhaa vya Hawaii, wanakula konokono na wadudu wa huko wasiopatikana mahali pengine duniani. Na huyu wa Yemeni, wa kijana wetu, ameshajenga makao porini Florida na huko huko Hawaii. Kwa hiyo mlango wa sanduku uwe na komeo, na mzee amweleze kijana wake kwamba kumwachia kinyonga nje kwa huruma si huruma.

Muda unanikimbia. Niseme la kupima, halafu nimalize. Kabla ya kumrudisha kinyonga, chukua chupa ya maji ya lita moja, ijaze, ining'inize kwa kamba katikati ya kila tawi kubwa. Hiyo ni kilo moja, zaidi ya mara nne ya uzito wa kinyonga. Iache usiku kucha. Asubuhi angalia: tawi limeshuka? Mikanda imesogea? Kisha lishike kwa mkono ulizungushe kwa nguvu ya wastani. Likizunguka, rudi kwenye lile pengo, ulichonge vizuri. Baada ya hapo, kila unapofanya usafi mkubwa, bonyeza matawi kwa dole gumba karibu na vifungo, mahali maji yanapokaa. Panapobonyea pameoza. Usibandike kiraka, badilisha tawi. Ni mti tu, na miti ya kukata haijaisha.

Mzee wangu wa Iyunga, natumaini nimekujibu. Mpigie kijana, umwambie aanze na zile reli za pembeni, jozi moja tu kwanza, ile ya chini ya taa. Nyingine afunge wikiendi. Na akituma picha, niletee hapa kituoni nione hilo pengo amelichongaje.